Shajara ya mradi: Ramani ya matembezi ya Nanjing kwa Kiswahili

30 Juni: Mpango

Programu ya kiangazi niliyojiunga nayo hapa Nanjing ni ya wiki tano. Asubuhi tunasoma Kichina, mchana tunaachiwa tuujue mji, na mwishoni kila mwanafunzi hukabidhi kazi moja aliyoifanya mwenyewe kuhusu utamaduni wa mahali hapa. Mimi nimeamua kutengeneza ramani ya matembezi yenye maelezo ya sauti kwa Kiswahili, ambapo msikilizaji anasimama mahali, anabonyeza alama kwenye simu yake, na kwa dakika tatu au nne anaelezwa kile kilichopo mbele ya macho yake. Shajara hii ninaiandika kwa ajili ya yeyote atakayetaka kufanya kazi kama hii katika mji mwingine, na kwa hiyo nitaeleza zaidi yale yaliyonishinda kuliko yale yaliyokwenda sawa.

Nanjing ni mji wa watu zaidi ya milioni tisa kwa sensa ya mwaka 2020, na ulikuwa makao makuu ya kwanza ya utawala wa Ming, ukoo wa wafalme wa China ya zamani, kabla ya mji mkuu kuhamia Beijing mwaka 1421. Nimepanga vituo 24 katika matembezi sita. Mwalimu wetu aliitazama orodha, akaniuliza ni vituo vingapi kati ya hivyo ninavyoweza kuvieleza bila kufungua kitabu. Sikuwa na jibu.

3 Julai: Malipo

Siku tatu za kwanza zimepotea kwa jambo ambalo lingemalizwa nyumbani. Hapa karibu kila malipo hufanywa kwa simu, kuanzia tiketi ya treni ya chini ya ardhi hadi bakuli la tambi kwa muuzaji wa barabarani. Kadi ya benki ya nje huweza kuunganishwa na programu za malipo za Kichina, lakini benki yangu hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini yangu ya Tanzania, na laini hiyo nilimwachia mdogo wangu Bagamoyo nikidhani sitaihitaji. WhatsApp haifunguki kwa mtandao wa hapa, na sisi tumewatangulia wa nyumbani kwa saa tano. Namba ilipofika, mdogo wangu alikuwa amelala, na alipoamka muda wake ulikuwa umekwisha.

Tumelimaliza leo kwa kupanga saa, yeye akiwa macho na simu mkononi, mimi nikimsubiri kwenye WeChat, na jaribio la nne likakubali. Anayekuja baada yangu aunganishe kadi na athibitishe pasipoti yake angali nyumbani, laini ikiwa mfukoni mwake, kisha abebe noti ndogo ndogo za yuan za siku chache za mwanzo.

Kosa la pili la wiki hii ni dogo ila linauma. Nilikwenda Jumba la Makumbusho la Nanjing bila kuweka nafasi mapema, na nafasi zote za siku hiyo zilikuwa zimechukuliwa. Kuingia ni bure, lakini mtu hujiandikisha kwanza kwa namba ya pasipoti. Nimeweka nafasi ya wiki ijayo.

7 Julai: Vituo vilivyoanguka ziwani

Mvua haijakatika tangu nifike. Wenyeji huiita mvua ya matunda ya *mei*, jina la Kichina la tunda la jamii ya plamu, kwa sababu hunyesha wakati matunda hayo yanapoiva, na kwa kawaida huanza katikati ya Juni ikaishia Julai. Niliutumia muda wa kukaa ndani kuchora ramani. Nilinakili majira ya kila kituo, yaani namba zinazoonyesha mahali kilipo duniani, kutoka kwenye ramani ya Kichina iliyo katika simu, nikayaingiza katika ramani huria ninayotaka kuitumia kwa sababu hufanya kazi bila intaneti.

Mvua ilipotulia nilikwenda kujaribu. Kituo cha Lango la Xuanwu, lililo kwenye ukuta wa mji upande wa magharibi wa Ziwa Xuanwu, kilionekana katikati ya maji. Vingine navyo vilikuwa vimesogea mashariki na kusini kidogo, vyote kwa kiasi kinachokaribiana, karibu nusu kilomita. Mwanzoni nilidhani simu yangu ni mbovu, nikapoteza alasiri nzima kuiwasha na kuizima.

Sababu yake ni kwamba kwa sheria ya China ramani zinazochapishwa nchini hutumia mfumo wake wa majira, uitwao GCJ-02, ambao huyasogeza majira ya kawaida ya setilaiti kwa mamia ya mita, na msogeo wenyewe hubadilika kidogo kutoka mahali hadi mahali. Majira ya ramani ya Kichina yakiwekwa juu ya ramani ya mfumo wa dunia, kila kitu huhama. Zipo programu ndogo za kubadilisha mfumo mmoja kwenda mwingine, nami nimeijaribu moja ikafanya kazi vizuri. Hata hivyo nimechagua njia ndefu zaidi, ya kusimama katika kila kituo na kuyachukua majira kwa simu yangu mwenyewe. Gharama yake ni nauli na jasho, lakini imenilazimisha kufika kila mahali kabla ya kupaandikia neno lolote, na orodha yangu tayari imeshuka kutoka vituo 24 hadi 17.

11 Julai: Nyenje

Mvua imekwisha na joto limeingia. Nanjing huhesabiwa pamoja na Wuhan na Chongqing kuwa tanuri tatu za China. Mimi ni mtu wa pwani na nilidhani joto si jambo la kunitisha, lakini joto la Bagamoyo lina upepo wa bahari jioni, na hili la hapa hulala nasi mpaka asubuhi.

Nilirekodi maelezo ya vituo vitano chini ya miti mikubwa ya wutong iliyopandwa pande zote za barabara, ambayo matawi yake hukutana juu na kuifanya njia kuwa kama ukumbi mrefu. Niliporudi bwenini na kusikiliza, sauti yangu ilikuwa imemezwa kabisa na nyenje. Sikio likiwa pale pale huwazoea na kuwasahau, lakini kinasa sauti hakisahau. Nilinunua sifongo ya kufunika maikrofoni kwa yuan 39, na haikusaidia chochote, kwa kuwa sifongo huzuia upepo tu.

Kilichosaidia ni saa. Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri nyenje wengi bado wako kimya, na mwanga unatosha kusoma karatasi. Nimerekodi upya vituo vyote vitano kwa siku mbili. Nimebakiza pia dakika moja ya nyenje wenyewe, nikaiweka mwanzoni mwa matembezi ya kwanza, kwa sababu atakayesikiliza akiwa Tanga au Mombasa hataujua mji huu wakati wa kiangazi bila sauti hiyo.

Faida nyingine ya alfajiri sikuitarajia. Wazee wanakuwa wamekwisha kutoka. Kwenye viwanja vilivyo chini ya ukuta nimewakuta wakifanya mazoezi ya taiji, wengine wakiandika herufi kubwa ardhini kwa brashi ndefu iliyochovywa maji, herufi ambazo hukauka na kutoweka kabla mwandishi hajafika mwisho wa mstari. Sikuwa nimelipanga hilo kuwa kituo. Sasa ni kituo.

16 Julai: Majina kwenye matofali

Ingizo hili litakuwa refu, kwa kuwa hapa ndipo mradi ulipobadilika.

Ukuta wa Nanjing ulijengwa kati ya mwaka 1366 na 1393 kwa amri ya Zhu Yuanzhang, mfalme wa kwanza wa Ming. Ulikuwa na urefu wa takriban kilomita 35, na kama kilomita 25 zimesalia. Lango la Zhonghua, lililo kusini, ni ngome yenye nyua tatu na milango minne iliyofuatana, pamoja na vyumba 27 vya chini ambavyo inasemwa viliweza kuficha askari 3,000. Hayo yote huelezwa kwa mgeni na kila mtu. Kilichonishika mimi ni tofali. Tofali moja lina urefu wa kama sentimita 40 na uzito wa mtoto mdogo, na ubavuni mwa mengi yake zimepigwa herufi zinazotaja mkoa na wilaya lilikotoka, afisa aliyesimamia, mkuu wa kikundi, fundi wa tanuri, na mwisho kabisa mtu aliyelifyatua. Tofali likionekana bovu, ilijulikana ni nani wa kuulizwa. Yaliletwa kwa maji kupitia Mto Yangtze na vijito vyake, kutoka maeneo ambayo leo ni mikoa ya Jiangsu, Anhui, Jiangxi, Hubei na Hunan.

Nilipiga picha matofali 60 yaliyo katika usawa wa macho yangu, nikaanza kuyasoma kwa kamusi. Baada ya siku mbili niliamini nimegundua jambo kubwa. Jina moja, Renfu, lilijirudia katika matofali kumi na moja kutoka wilaya mbalimbali. Niliandika maelezo ya dakika nne kuhusu fundi huyu aliyehama kutoka tanuri moja hadi jingine, nikayarekodi, nikayatia kwenye ramani, tena kwa fahari.

Mwalimu alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaandika ubaoni herufi nne, *zao zhuan renfu*, akanieleza kwamba maana yake ni kibarua afyatuaye matofali. Renfu ni kazi, na jina la mtu hufuata baada yake. Nilikuwa nimewachukua watu kumi na mmoja tofauti, kila mmoja akiwa na jina lake lililogandishwa katika udongo kwa zaidi ya miaka 600, nikawafanya mtu mmoja, kisha nikayakata majina yao ya kweli kwa sababu nilidhani ni maneno ya ziada.

Nimefuta rekodi ile. Nimerudi ukutani jioni tatu mfululizo kuyasoma upya matofali yale yale. Katika jaribio la kwanza nilipiga mswaki mkavu kwenye herufi ili vumbi litoke, na mlinzi akanizuia kwa haki kabisa, maana ukuta ni urithi unaolindwa na kila mkwaruzo hupunguza kilichobaki. Njia iliyofaa ni mwanga wa ubavuni. Jua linapokaribia kuzama, miale yake hulala juu ya ukuta, na herufi ambazo mchana hazionekani husimama kwa vivuli vyao. Jua likiwa limekwisha, taa ya simu ikishikwa pembeni kabisa ya tofali, karibu kuligusa bila kuligusa, hufanya kazi hiyo hiyo.

Jioni ya pili alikuja mzee mmoja mwenye pepeo mkononi, akanitazama muda, kisha akaanza kunisomea. Aliniita binti, nami nikamwita *yeye*, neno lao la babu, ambalo huandikwa sawasawa na kiwakilishi chetu na kunifanya nisite kila ninapolitamka. Matamshi yake yalinipa taabu. Wazee wa hapa huchanganya *n* na *l*, hata jina la mji wao likasikika Lanjing, na mtu aliyekulia miongoni mwa wanaobadilishana *r* na *l* hapaswi kushangaa, lakini mimi nilihitaji nusu saa kulizoea sikio langu. Kati ya matofali yale kumi na moja alisoma majina ya watu saba. Manne yamelika mno. Katika rekodi mpya ninayataja yale saba yote, na kwa manne nasema tu kwamba hayasomeki.

Vituo sasa ni 13, katika matembezi matano, na matatu kati ya matembezi hayo yanaufuata ukuta.

20 Julai: Njia ya Zheng He

Matembezi ya nne ndiyo yaliyonileta hapa, na ndiyo niliyoyaogopa zaidi, kwa sababu ni rahisi sana kusema zaidi ya kinachojulikana. Zheng He alizaliwa mwaka 1371 huko Yunnan katika ukoo wa Kiislamu, na kati ya 1405 na 1433 misafara saba ya meli ilitoka China chini ya uongozi wake kuelekea Bahari ya Hindi. Baadhi ilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa Ming twiga, na Wachina wakamwita *qilin*, jina la mnyama wa heri katika masimulizi yao.

Kituo cha kwanza ni eneo la karakana ya meli kando ya Yangtze, ambako mabwawa marefu ya kuundia meli bado yapo. Hapo mwaka 1957 ulichimbuliwa mti wa usukani wenye urefu wa mita 11 na kidogo. Nimesimama kando ya bwawa nikijaribu kuupima kwa hatua zangu, na hatua zimezidi urefu wa jahazi zote nilizozifahamu utotoni, kwa usukani peke yake.

Kituo cha pili ni Msikiti wa Jingjue, ulioanzishwa mwaka 1388 na kujengwa upya baada ya moto kwa ombi la Zheng He mwenyewe mwaka 1430. Hapa nilikosea njia. Nilipita mbele yake mara mbili nikitafuta kuba na mnara, na havipo. Una lango la mawe yaliyochongwa na mapaa ya vigae yenye ncha zilizoinuka, kama majengo mengine ya Kichina ya zamani. Katika ramani nimeweka picha ya lango, maana maelezo ya maneno hayatoshi. Mtaani hapo pia nilimaliza tatizo la chakula. Alama ya herufi mbili, *qingzhen*, mara nyingi juu ya kibao cha kijani, ndiyo inayoonyesha chakula cha halali, na sambusa za kukaanga za nyama ya ng'ombe za eneo hili ni chakula cha wenyeji hasa. Nanjing ni mji wa bata, wa chumvi kwa namna ya pekee, na yule asiyekula supu ya damu ya bata bado atampata bata wa chumvi katika maduka ya Waislamu wa Hui.

Kituo cha tatu ni kaburi lililo kwenye kilima cha Niushou, kusini mwa mji, lililojengwa upya mwaka 1985. Wengi huamini kwamba mwili wake haumo. Ngazi zake ni 28, zimepangwa saba saba mara nne, na juu ya jiwe zimechongwa herufi za Kiarabu. Rasimu yangu ya kwanza ilijaa sifa za udugu wa kale kati ya watu wa Malindi na wa hapa. Nimezikata zote. Nimebakiza twiga, miaka, mti wa usukani, na sentensi moja kuhusu mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi, ambayo nimeyajua tangu shule ya msingi bila kumuuliza mtu yeyote yalikotoka.

27 Julai: Mahali pasipo na sauti

Matembezi ya tano yalikuwa yaanzie Ukumbi wa Kumbukumbu wa waliouawa Nanjing na kuishia karibu yake, katika jumba la hariri ya Yunjin. Majeshi ya Japani yaliuteka mji tarehe 13 Desemba 1937, na idadi ya waliouawa katika majuma yaliyofuata imechongwa kwenye jiwe la ukumbi huo kuwa 300,000. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1985. Ndani ya uwanja wake upo ukuta ulioandikwa majina.

Niliandaa maelezo ya dakika nne kama ya vituo vingine, kisha nikaingia na karatasi mkononi ili niyajaribu. Sikuweza kuyasoma. Karibu nami alikuwapo mama mmoja aliyekuwa akipitisha kidole chake mstari kwa mstari akitafuta jina, na sauti yoyote ya mgeni masikioni mwa mtu mwingine ingekuwa kelele. Kituo hiki kina sentensi mbili tu, zinazosikika kabla ya lango: tarehe, na ombi la kuzima simu.

Jumba la Yunjin nililifikia nikiwa nimechoka, na nimelitendea haba. Kitanda chake cha kufumia kina urefu wa karibu mita nne kwenda juu na huhitaji mafundi wawili, mmoja akikaa juu na kuvuta nyuzi za mtande kwa mpango uliofungwa kwenye kamba, mwingine chini akipitisha mshindio. Kwa siku nzima hupata kitambaa cha sentimita tano au sita. UNESCO iliuingiza ufundi huu katika orodha yake mwaka 2009. Nahitaji kurudi.

1 Agosti: Majaribio

Nimewapa ramani wanafunzi wenzangu wawili, mmoja wa Nairobi na mwingine wa Bujumbura, waifuate bila mimi. Wa Bujumbura alimaliza matembezi mawili bila shida. Wa Nairobi alipaswa kuanzia Zhonghuamen, yaani Lango la Zhonghua, kusini, akajikuta Zhongyangmen, kaskazini kabisa ya mji. Lipo pia Zhongshanmen, mashariki. Majina yote matatu huanza sawa na kwisha sawa, nami niliyaandika kwa herufi za Kilatini bila alama za toni, tena kwa ufupisho. Alipoteza saa moja na nusu katika joto la mchana, na nimemwomba radhi.

Kila kituo sasa kina jina kwa herufi za Kichina, kubwa za kutosha kumwonyesha dereva au mpita njia, kisha jina hilo kwa herufi za Kilatini pamoja na toni, kisha maana yake kwa Kiswahili. Nimeongeza namba ya njia ya treni na upande wa kutokea kituoni. Aidha, muda wa kila matembezi niliuandika kwa kasi yangu ya alfajiri, na wote wawili wamesema uongezwe kwa nusu. Nimeuongeza.

3 Agosti: Gharama, na kilichobaki

Nauli za treni na mabasi zimefika yuan 168. Tiketi za ukuta na malango ni yuan 130, betri ya akiba ya kuchajia simu yuan 89, sifongo isiyo na kazi yuan 39, intaneti ya simu yuan 100, na uchapishaji wa ramani ya karatasi ya kukabidhi yuan 64. Jumla ni yuan 590, ambazo kwa kiwango nilichobadilishia ni zaidi kidogo ya shilingi laki mbili. Chakula sikukihesabu.

Matembezi manne yamekamilika na kukabidhiwa. La tano lina ramani na picha, lakini hariri bado haina maelezo yanayostahili, na sitaweka ya kubahatisha. Jana jioni nilimpelekea yule mzee rekodi ya ukutani akaisikilize. Hajui Kiswahili hata neno moja, lakini majina saba aliyafuata kwa kidole hewani, akanirudisha kwenye la tatu na la sita kwa sababu ya toni. Leo saa kumi na moja na robo alfajiri nimeyarekodi tena yote mawili chini ya lango, na faili jipya limechukua nafasi ya lile la zamani.